Mtumbwi wa Baba: Tuuze au Tutunze?



Msiba ukiisha kupita na wageni wakisharudi kwao, hubaki swali moja ambalo mara nyingi hakuna aliye tayari kulijibu: vitu vya marehemu tuvifanyeje? Nguo hugawanywa upesi. Sufuria na viti havina ugomvi mwingi. Lakini katika nyumba nyingi kipo kitu kimoja chenye thamani mbili, moja ya sokoni na nyingine ya moyoni, na thamani hizo mbili hazipatani. Kwetu sisi kitu hicho kilikuwa mtumbwi. Tunapenda kuwasimulia jinsi tulivyoamua juu yake, pamoja na kosa tulilolitenda, kwa sababu siku moja ninyi pia mtaketi katika kikao cha namna hiyo.

Baba yetu alikuwa mvuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu, upande wa Kalehe. Mtumbwi wake ulichongwa katika gogo moja, mrefu na mzito, nao ulikuwa mmoja wa mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi, huku wavu ukitandazwa kati yake. Wanaokaa kando ya ziwa wanaijua kazi hiyo. Usiku wa giza wavuvi hutoka wakiimba ili makasia yaende pamoja, kisha huwasha taa. Sambaza huifuata nuru, na wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hubaki nyumbani, kwa maana samaki hutawanyika na taa hupoteza nguvu yake. Katika mtumbwi huo ndimo ilimotoka karo yetu ya shule ya ualimu, kipimo kwa kipimo cha sambaza, mwaka hata mwaka.

Baba alipofariki tulikuwa watoto sita mbele ya mama. Mdogo wetu wa pili alisema mtumbwi uuzwe mara moja, kwa kuwa kitinda mimba wetu alikuwa katika mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi, na alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Dada yetu wa tatu alilia akasema kwamba mtumbwi ukiuzwa, baba atakuwa amekufa mara ya pili. Wengine wakagawanyika. Kitinda mimba mwenyewe hakusema neno. Alijua kwamba kila aliyetaja kuuza alikuwa anamtaja yeye.

Baba mdogo alitaka kwanza dada zetu watoke katika kikao. Alisema kwamba mwanamke haingii usiku katika mtumbwi wa uvuvi, basi hana la kusema juu yake. Tulimjibu kwa heshima: «Baba mdogo, dada zetu hawa na mama yao ndio walioanika sambaza na kuzipeleka sokoni. Usiku mtumbwi ulikuwa wa baba, na mchana ulikuwa wao.» Tukamkumbusha pia kwamba Sheria ya Familia ya nchi yetu, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, nao hugawana sehemu yao kwa usawa, bila kumtenga msichana na mvulana. Mama naye ana haki yake kama mke aliyebaki. Baba mdogo alinyamaza. Dada zetu wakabaki wameketi.

Hata hivyo kikao hakikufikia neno moja. Hapa ndipo tulipokosea. Sisi tunaoandika haya, tukiwa wa kwanza kuzaliwa, tuliamua kwamba mtumbwi ungoje. Tulisema tunangoja kwa ajili ya amani ya ukoo. Ukweli ni kwamba tulipenda kuuona. Tulipenda wapita njia waseme: «Ule pale ni mtumbwi wa marehemu mzee.» Tukaufanya uvutwe hadi nchi kavu, ukalazwa nyuma ya nyumba kama ukumbusho. Kitinda mimba akaendelea kukaa nyumbani.

Miezi saba ikapita. Akaja mtu mwenye nyumba ya wageni, akatoa dola 400, zote mkononi. Alitaka kuuweka mtumbwi katika bustani yake, aupande maua, na wanywaji wapigwe picha karibu nao. Wiki ileile akaja kijana aliyepiga kasia pamoja na baba kwa miaka sita. Yeye alikuwa na dola 60, na aliomba kulipa nyingine 190 kidogo kidogo, kila mwezi wa uvuvi ukiisha. Alikuwa na wenzake wawili wenye mitumbwi yao, nao walikosa wa tatu.

Kijana yule aliuzunguka mtumbwi akiugusa kwa kiganja. Alipofika upande unaopigwa na jua la alasiri, alisimama. Palikuwa na ufa, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba unaweza kuzibwa, iwapo utarudi majini upesi. Ndipo mama, aliyekuwa ameketi mlangoni, alipotamka neno ambalo hatutalisahau: «Baba yenu hakuuacha mtumbwi juani hata siku moja. Mnamlilia yeye, na kazi yake mnaiua.»

Wapendwa, gogo lililochongwa kwa ajili ya maji hupasuka likikaa nchi kavu. Hilo analijua kila mtoto wa ziwani. Nasi tulilijua, lakini fahari ilitufumba macho. Tulidhani kwamba kuna njia mbili tu, kuuza na kutunza, na kwamba kuuza ni kutupa na kutunza ni kupenda. Kumbe mtu aweza kukitunza kitu hadi kikaharibika, na aweza kukiuza kitu ili kipate kuishi.

Tulimwuzia kijana yule. Malipo yake ya kwanza, pamoja na mchango wa kila mmoja wetu, yalimrudisha kitinda mimba darasani. Malipo mengine yalichelewa, kwa sababu ziwa halitoi kila mwezi sawasawa, lakini yalifika yote. Hatutaficha kwamba mdogo wetu wa pili hakuridhika. Alihesabu dola 150 tulizoziacha mikononi mwa mwenye nyumba ya wageni, naye huzikumbuka hadi leo kila mara fedha ikikosekana nyumbani. Hesabu yake si ya uongo. Tuliilipa bei ya uamuzi wetu, na ndugu mmoja ameilipa bila kuipenda.

Pengine mmoja wenu atatuuliza: Je, hamkumsaliti Nabothi? Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Nabothi alikataa kumwuzia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, naye akauawa kwa ajili hiyo. Tumelitafakari sana jambo hilo. Shamba la Nabothi lilikuwa ardhi, na ardhi ya ukoo ikitoka mikononi hairudi. Zaidi ya hayo, Nabothi alikuwa bado analilima. Mfalme alitaka kung'oa mizabibu ili apande mboga. Mwenye nyumba ya wageni naye alitaka kuugeuza mtumbwi uwe chombo cha maua. Tunaona kwamba Nabothi angetuelewa: tulimnyima mwenye fedha nyingi, tukampa mwenye kasia.

Kwa hiyo twasema wazi maoni yetu. Shamba na kiwanja cha ukoo visiuzwe kwa haraka ya kulipa deni la mwezi mmoja, wala kwa kununua simu mpya au pikipiki itakayochakaa baada ya miaka michache. Tumewaona vijana walioteketeza hivyo urithi wa vizazi vitatu, na leo wanapanga chumba katika mtaa waliouuza. Lakini chombo cha kazi kina sheria nyingine. Cherehani, jembe, kinanda, mtumbwi, vyote hivyo vinaishi kwa kutumiwa. Kama kuna mtoto mmoja wa nyumba atakayekitumia, apewe yeye, na ndugu wamwachie kwa moyo mweupe. Kama hayupo, kitafutiwe mtu atakayekitumia, hata kama si wa damu yetu na hata kama fedha yake ni chache.

Na tusijidanganye juu ya neno «asili yetu». Sambaza tunazoziita chakula cha mababu zililetwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu yetu katika ujana wake hakuzijua. Uvuvi ule wa taa, mitumbwi mitatu na nyimbo, baba zetu walijifunza wakiwa watu wazima, wakautia mikononi mwa watoto wao. Ukawa urithi kwa sababu waliufanya kila usiku wa giza. Siku usipofanywa tena, mitumbwi yote iliyopambwa kwa maua haitaurudisha.

Tulipoyasimulia haya mara ya kwanza mbele ya vijana wa parokia, msichana mmoja aliinua mkono. Alikuwa amekimbia vita pamoja na mama yake, wakiacha nyumba inaungua. Akauliza: «Na sisi ambao hatukuachiwa kitu cha kuuza wala cha kutunza, mnatuambia nini?» Tulikaa kimya kwa muda, kwa kuwa swali lake lilikuwa zito kuliko hadithi yetu. Baadaye tulimwuliza mama yake alikuwa na kazi gani. Akajibu kwamba alikuwa akisuka vikapu. «Nawe unajua kusuka?» Akasema anajua, lakini hajasuka tangu walipokimbia. Hatukumpa hotuba. Tulimwomba tu amfundishe mmoja wa wenzake. Kilichoungua hakiwezi kurudishwa kwa maneno mazuri, na anayesema vinginevyo anawadhihaki waliopoteza. Lakini mikono yake haikuungua, na ndani ya mikono hiyo mama yake alikuwa amekwisha kumwachia sehemu.

Katika Injili ya Luka, mtu mmoja alimwomba Yezu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Bwana alikataa kuwa mgawanyaji wao, akawaonya watu wajilinde na tamaa. Hata Yeye hakuamua mahali pa ndugu. Aliwarudishia kazi hiyo wao wenyewe, pamoja na onyo. Nasi tukumbuke methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mtumbwi wetu ungeweza kuwavunia watu wa nje.

Basi, mtakapokutana katika kikundi chenu, zungumzeni kwa dakika chache juu ya maswali haya. Nyumbani kwetu kuna chombo gani cha kazi ambacho kimelala tangu mwenyewe alipofariki? Ni nani kati yetu anayeweza kukitumia, na kama hayupo, ni nani jirani anayekihitaji? Je, mama na dada zetu waliulizwa? Na ninyi ambao wazazi wenu wangali hai, fanyeni jambo moja zaidi ambalo sisi hatukulifanya: waulizeni leo, kwa heshima, wangependa vitu vyao viende wapi. Hilo si kuwatakia kifo. Baba yetu angetujibu kwa neno moja tu, na kitinda mimba wetu asingepoteza miezi saba.

Yeye leo ni muuguzi katika kituo cha afya. Mtumbwi bado uko ziwani. Ufa ulizibwa, nao huonekana ukikaribia. Usiku wa giza, tukisimama ufukoni, twaona taa nyingi juu ya maji, wala hatuwezi kutambua ipi ni ya mtumbwi wa baba. Mama husema hilo halimsumbui.