Hofu ya Kununua

Wako wasemao kwamba kutishwa ni starehe kama starehe nyengine, na anayeipinga ni mtu mkavu asiyejua mchezo. Maneno haya yanasemwa barazani na watu wazima wenye watoto wao. Sisi hatuyakubali, na hoja yetu tutaitoa katika Mto Mara.

Mto huu huteremka kutoka Mau, Kenya, ukapita kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti mahali paitwapo Kogatende, kisha hutoka hifadhini ukenda magharibi, Tarime upande huu na wilaya ya Serengeti upande ule, mpaka Ziwa Viktoria. Baina ya Julai na Oktoba nyumbu kwa maelfu huuvuka hapo Kogatende, na mamba huwangoja majini. Juu ukingoni wanangoja watu. Wametoka pande zote za dunia, na baadhi yao ni wa kwetu huku pwani. Wamelipa fedha nyingi, na hukaa garini juani kwa muda mrefu wakitamani mnyama atumbukie. Mamba akikamata, gari zima hupiga ukelele. Moyo unadunda, viganja vinatoka jasho, kisha kicheko.

Kicheko hicho kimetoka wapi? Mwili wa binadamu ukiona hatari haungoji kuuliza. Damu huenda mbio na pumzi hupanda. Akili huja nyuma yake ikasema: wewe uko garini, mamba yuko kule. Hapo ndipo raha inapomwagika. Basi kilicho kitamu si hofu, bali ni amani inayorudi baada yake, nayo ni neema ya Mwenyezi Mungu ambayo mtu huyo aliamka nayo asubuhi asiitambue.

Ushahidi uko chini ya mto huo huo, katika vijiji vilivyo nje ya hifadhi. Huko wanawake huteremka na ndoo zao, na wachungaji hunywesha ng'ombe, na mamba wapo. Usiku tembo huingia mashambani, na mwenye mahindi hukesha akipiga madebe. Nani kati ya hao aliyewahi kutoa senti ili aogope? Serikali ina malipo kwa waliofikwa na madhara ya wanyama, yaitwayo kifuta jasho na kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa roho ya mtu. Na aende mpenda vitisho akawaambie waliopokea fedha hizo kwamba kuogopa ni burudani.

Hatusemi watu wasende Serengeti. Kutembea katika ardhi na kuzingatia viumbe ni jambo tuliloamrishwa. Lakini atafutaye kutishwa hazingatii, na wala hatosheki. Julai 2025 zilienea picha za watalii walioshuka magarini hapo Kogatende, wakajipanga ukingoni mpaka nyumbu wakazibiwa njia, na TANAPA wenyewe wakalilaumu jambo hilo. Ni nini kilichowashusha, na garini walikuwa wanaona? Ladha ya mbali ilikuwa imekwisha.

Na ladha hiyo ikimwisha mtu ambaye hana mto wala mamba, huitafuta kwa jamaa zake. Hili ndilo lililoingia majumbani mwetu. Kijana hujificha nyuma ya mlango akiwa na simu, bibi yake akitoka kusali humrukia kwa ukelele, mzee wa watu akashika kifua, na rikodi hiyo ikasambazwa ukoo mzima. Amepokea Abu Daud kwamba Maswahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), mmoja wao akalala, na baadhi ya wenzake wakaiendea kamba aliyokuwa nayo wakaichukua, naye akafazaika. Mtume akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Kamba tu, ndugu zangu! Wala hapakuwa na mamba.

Utasikia, "Lakini ni mzaha, na mwenyewe bibi alicheka." Basi baba aliyeipokea rikodi hiyo akaipeleka kwa wengine, na aitazame tena, atuonyeshe ni pahali gani mama yake mzazi anacheka.