Mnyororo wa Injini Ukilegea

Ndugu msomaji, wamo miongoni mwetu, katika kambi na katika nyumba za polisi, watu walionunua gari la zamani kwa akiba ya miaka mingi, wakalitengeneza, kisha wakatamani liongezwe mbio. Kupenda gari lenye nguvu si kosa. Lakini nguvu ya injini haitoki katika kabureta na silensa peke yake. Hutegemea pia kitu kilichofichika nyuma ya kifuniko cha mbele, nacho ni mnyororo wa taimingi.

Na tuchukue mfano wa injini inayofahamika sana Afrika Mashariki, yaani L24 ya gari la Datsun 240Z. Injini hiyo ina silinda sita, na ujazo wake ni sentimeta za ujazo 2,393. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ndugu zake wa silinda nne walitiwa katika Datsun 1600 na 180B, magari yaliyobeba jamaa wengi katika nchi zetu.

Katika injini hizo mnyororo wenye safu mbili hutoka kwenye krenkishafti hadi kwenye kamshafti iliyo juu. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Basi injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 katika sekunde moja. Kazi kama hiyo haitaki mnyororo unaochezacheza.

Mnyororo haurefuki kama mpira uvutwao. Ni pini na bushi za viungo vyake zinazolika kidogo kidogo, na ulaji huo ukijumlishwa kiungo kwa kiungo, mnyororo huwa mrefu. Hapo kamshafti huchelewa nyuma ya krenkishafti, na valvu hufunguka baada ya wakati wake. Dereva huona gari limekosa nguvu mlimani katika mwendo mdogo, na husikia mkwaruzo mbele ya injini, hasa asubuhi kabla oili haijapanda.

Waliounda injini hii waliyatazamia hayo. Gia ya kamshafti ina matundu matatu yenye nambari. Mnyororo mpya hufungwa katika tundu la kwanza. Alama zikionyesha kuwa kamshafti imechelewa, fundi huhamia tundu la pili, na hapo hurudisha nyuzi 4 za mzunguko wa krenkishafti. Tundu la tatu hurudisha nyuzi 8. Lakini tufahamiane vema: tundu husahihisha wakati, halifupishi mnyororo. Ulegevu ungali pale pale, na anayeubeba ni kikaza mnyororo, ambacho mafundi hukiita tenshena. Tundu la tatu likishindwa, dawa ni mnyororo mpya.

Iko sababu nyingine, nayo huwapata zaidi wapenda mbio. Fundi huichonga silinda hedi ili mgandamizo uongezeke. Hedi ikishuka, kamshafti nayo hushuka na kuikaribia krenkishafti, na hata mnyororo mpya kabisa hulegea. Hapo hutakiwa vipande vya chuma vya kipimo kamili chini ya vishikio vya kamshafti, ili irudi kimo chake. Fundi achongaye hedi bila kuutaja mnyororo hajaimaliza kazi. Ulegevu ukizidi, pistoni ndogo ya tenshena hutoka mno, hata huweza kuchomoka. Mnyororo ukiruka meno, katika injini iliyoongezwa nguvu valvu zaweza kugongana na pistoni. Na hapo akiba ya mwaka huteketea barabarani, pengine usiku, watoto wakiwa ndani ya gari.

Sasa tuseme habari ya spea. Zinazotengenezwa na viwanda vingine si mbaya zote, wala zote si nzuri. Ziko gia za kamshafti zinazorekebishwa kwa vipimo vidogo vidogo. Zinafaa kwa kupanga wakati wa valvu, lakini hazikazi mnyororo. Nunua seti nzima: mnyororo, tenshena, reli mbili za kuuongoza, na gia zote mbili, kwani mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika huharibika upesi. Hesabu viungo vya mpya na vya zamani. Ushike mnyororo kwa ubavu wake, ukiwa umelala. Ukipinda sana kama upinde, urudishe dukani.

Wakati wa kufungua gia ya juu, hakikisha fundi ametia kabari ya mti kati ya pande mbili za mnyororo, ili tenshena isichomoke. Ikichomoka, hana budi kufungua kifuniko cha mbele. Kazi ikiisha, aizungushe injini kwa spana mara mbili kamili, kwa upande wake wa kawaida, akazitazame alama tena kabla ya kuiwasha.

Enyi mabwana na mabibi, gharama hii ipangeni pamoja nyumbani kabla ya kununua kabureta mpya. Rahisi ni ghali, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari huikagua silaha yake kabla ya kwenda lindo. Na auangalie mnyororo vivyo hivyo kabla ya safari.

Hadi juma lijalo.