Ujenzi Uvira: swali la shantie likikosa jibu, nani analipa?

Mkuu wa shantie anapochimba na kukuta kitu ambacho hakimo kwenye plani, ana njia mbili: kuendelea kwa kubahatisha, ao kusimamisha kazi na kuuliza. Akibahatisha, ukuta ao daraja linaweza kuanguka kesho. Akiuliza na jibu likachelewa, wafanyakazi wanaolipwa kwa siku wanarudi nyumbani mikono mitupu, mashine zinakaa bure na pesa za mradi zinazidi kuliwa.

Kwenye miradi mikubwa duniani, swali la namna hiyo haliulizwi kwa mdomo tu. Linaandikwa, linapewa nambari na tarehe, kisha linatumwa kwa injinia aliyechora plani ao kwa biro inayosimamia kazi. Siku hizi maswali hayo yanapitia kwenye programu za kompyuta na za simu. Kwa Uvira, mji unaosubiri maji, barabara na ulinzi dhidi ya mito, jambo hili linaonekana kuwa la mainjinia peke yao. Lakini gharama ya jibu linalochelewa inamfikia kila mkaaji.

Mto, ziwa na plani za zamani

Uvira imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Miaka iliyofuata, hasa 2021 na 2024, maji ya ziwa yalipanda na kuingia kwenye nyumba za kando na kwenye maeneo ya bandari ya Kalundu.

Katika mazingira sawa haya, plani iliyochorwa miaka mitatu nyuma inaweza kuwa imekwisha kupitwa. Kingo za mto zimehama. Mahali palipokuwa pakavu pamekuwa tope. Tiyo la maji lililoonyeshwa kwenye karatasi limekatwa, ao linapita mita kumi pembeni. Injinia hapaswi kulaumiwa kwa kila tofauti ya namna hiyo. Linalohesabiwa ni swali kufika haraka kwa mtu mwenye uwezo wa kujibu, na jibu kurudi kabla simenti haijamwagwa.

Kwa nini siku kumi ni nyingi

Mwaka wa 2013, kampuni ya ushauri ya Marekani iitwayo Navigant ilichapisha uchunguzi juu ya miradi 1,362 ya nchi mbalimbali, iliyokuwa na maswali zaidi ya milioni moja. Ilikuta wastani wa maswali karibu 10 kwa kila dola milioni 1 za ujenzi. Kwa kawaida jibu lilichukua karibu siku 10. Zaidi ya swali moja kati ya matano halikupata jibu lolote. Kusoma swali moja na kulijibu kulikadiriwa kugharimu dola 1,080.

Kwa hesabu hiyo, mradi wa dola milioni 10 ungeweza kuzaa maswali kama 100. Hata nusu yake ingetosha kuchelewesha kazi kwa miezi, ikiwa kila swali linasubiri mtu mmoja aliye Bukavu, Kinshasa ao Ulaya.

Uvira inajua bei ya kuchelewa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2015 katika jarida la PLoS Medicine, pamoja na watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, ulilinganisha maji yaliyotolewa na Regideso mjini na wagonjwa walioshukiwa kuwa na kolera kati ya 2009 na 2014. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa waliopokelewa katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alihusishwa na upungufu wa maji.

Uchunguzi huo haukuhusu mainjinia wala makaratasi yao. Lakini unaonyesha kwamba katika mji huu, kazi ya maji ikisimama sababu ya swali moja, hasara haiishii kwenye hesabu za kampuni. Mama anayechota maji ziwani hajui kwamba kuna barua inayosubiri saini.

Mkataba unasema nini

Miradi mingi inayolipwa na Benki ya Dunia na mabenki mengine ya maendeleo hutumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la mainjinia washauri. Kitabu chake chekundu cha 1999 kinampa mjenzi haki iliyo wazi: akiona kazi itachelewa kwa kukosa plani ao maagizo, anatoa taarifa kwa maandishi. Jibu likichelewa kupita kiasi na akapata hasara, anaweza kuomba siku zaidi na malipo zaidi. Anayelipa ni mwenye mradi. Ikiwa mwenye mradi ni Serikali, basi ni raia.

Mkataba huo unamlazimisha mjenzi pia. Anayetaka kudai anapaswa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua tatizo, la sivyo haki yake inapotea. Injinia akitoa agizo kwa mdomo, mjenzi analithibitisha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi. Injinia asipolikataa kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kulipokea, linahesabiwa kuwa agizo lake.

Hapa ndipo makampuni madogo yetu yanapoteza. Mkuu wa shantie anapiga simu, injinia anasema « endelea », kazi inaendelea. Miezi sita baadaye, mkaguzi anauliza ni nani aliyebadilisha vyuma vya daraja. Hakuna karatasi. Mjenzi mdogo anabomoa na kujenga tena kwa pesa zake, wakati kampuni kubwa ya kigeni, yenye watu wa kuandika barua kila siku, inatoka na faili nene na kudai mamilioni.

Programu inafanya nini, na haifanyi nini

Kati ya programu zinazojulikana ni Aconex, iliyoanzishwa Australia mwaka wa 2000 na kununuliwa na Oracle mwaka wa 2018, pamoja na Procore ya California. Namna zinavyofanya kazi inafanana. Aliye kwenye shantie anapiga picha, anaonyesha mahali kwenye plani, anaandika swali. Programu inalipa nambari, inalituma kwa mhusika na kuandika siku ya mwisho ya kujibu. Siku ikipita, wote wenye ruhusa wanaona kwamba jibu limechelewa na liko mikononi mwa nani. Kila hatua inabaki na tarehe yake.

Nguvu yake iko kwenye ushahidi huo. Inazuia mchezo wa « barua haijafika ». Inamlinda mjenzi aliyeuliza mapema, na inamlinda pia injinia, kwa sababu kuna makampuni yanayotuma maswali kwa wingi, mengine ambayo jibu lake limeandikwa wazi kwenye plani, ili kutayarisha madai ya pesa. Orodha safi inaonyesha ni nani anayeuliza kwa haja na ni nani anayetafuta kisingizio.

Lakini programu haijibu swali. Ikiwa biro inayosimamia kazi ina injinia mmoja kwa shantie kumi, programu itahesabu tu siku za kuchelewa kwake. Na ikiwa mkubwa hataki jina lake lionekane kwenye maamuzi, atarudi kwenye simu.

WhatsApp, mtandao na vita

Kwa sasa, chombo kinachopatikana kwa urahisi kwenye shantie ndogo ni kundi la WhatsApp. Ni rahisi, kila mtu anakijua na hakihitaji masomo. Lakini ujumbe wa sauti hauna nambari, picha inapotea kati ya salamu za asubuhi, na simu ikiibiwa historia inaweza kwenda nayo. Zaidi ya hayo, mkataba wa FIDIC unataka mawasiliano ya elektroniki yapite kwenye njia iliyokubaliwa na kuandikwa mwanzoni. Kama WhatsApp haikuandikwa, ujumbe wake unaweza kukataliwa siku ya ugomvi.

Programu kubwa nazo zina vizuizi vyake. Zinalipiwa kwa dola, zinaomba umeme na mtandao. Anayejenga kituo cha afya ao shule kule Mulenge ao Bijombo, kwenye milima ya juu, hawezi kutegemea mtandao kila saa. Hivyo inafaa programu inayohifadhi swali kwenye simu na kulituma pale mtandao unaporudi. Hata faili moja ya hesabu kwenye kompyuta, yenye nambari, tarehe, picha, jina la mwenye kujibu na siku ya mwisho, inaweza kusaidia kuliko programu ya bei kali isiyofunguliwa.

Swali lingine ni la lugha. Fundi anasema Kiswahili, mkataba umeandikwa Kifaransa, na kampuni inaweza kuwa inawaza kwa Kichina. Reli inayojengwa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, chini ya mkataba wa zaidi ya dola bilioni 2 na makampuni ya China, inapangwa kuendelea siku moja hadi Kongo. Bwawa la umeme la Ruzizi III, la megawati 206, linahusu Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Kwenye miradi sawa hiyo, neno moja lililotafsiriwa vibaya linaweza kugeuza jibu. Picha na alama kwenye plani zinasaidia kuliko maneno mengi.

Kuna pia sababu ambayo wakaaji wa Kivu hawahitaji kuelezwa. Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, na mapigano yakafika Uvira mwezi wa kumi na mbili mwaka huo. Biro inapofungwa kwa haraka, makabati ya karatasi yanabaki nyuma. Orodha iliyohifadhiwa pia nje ya mji inamruhusu injinia mwingine kuanza pale kazi ilipoachwa, bila kuchimba tena ili kujua tiyo linapita wapi.

Kinachoweza kuombwa sasa

Sheria ya Kongo juu ya mikataba ya serikali, nambari 10/010 ya tarehe 27 mwezi wa nne 2010, ilitengeneza msingi wa kutangaza na kugawa kazi kwa uwazi. Lakini uwazi wa siku ya kutoa kazi hautoshi, kwa sababu pesa nyingi zinaweza kupotelea kati ya jiwe la kwanza na kukata utepe.

Mambo matatu hayaombi mamilioni. La kwanza, kila mkataba uandike tangu mwanzo njia ya kutuma maswali na idadi ya siku za kujibu. La pili, kila swali liwe na mtu mmoja anayejulikana wa kulijibu, pamoja na mwingine wa kumsaidia asipokuwepo. La tatu, kazi ikimalizika, orodha yote ya maswali na majibu ikabidhiwe pamoja na funguo: kwa Regideso ikiwa ni maji, kwa Office des Routes ikiwa ni barabara, kwa mkuu wa shule ao wa kituo cha afya ikiwa ni jengo. Bila hiyo, kampuni inaondoka na kumbukumbu yote, na fundi wa kesho anaanza kubahatisha upya.

Mashirika ya raia ya Uvira yamezoea kuuliza mradi umegharimu pesa ngapi na utamalizika lini. Yanaweza kuongeza swali la tatu: ni maswali mangapi ya shantie yanasubiri jibu leo, na yako mezani mwa nani?