Karamu na Haki ya Mjane



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya karamu za kuchangisha fedha za kutetea haki za wanawake. Wako wanaozisifu na wako wanaozibeza. Mimi nasema ni jambo jema, lakini lina masharti yake, na masharti hayo niliyajua baada ya kukosea.

Miaka michache iliyopita mtaani kwetu bibi mmoja alifiwa na mumewe, na shemeji zake wakaishika nyumba. Ili afike kwa Kadhi kudai fungu lake alihitaji nauli, ada, na mtu wa kumwandikia madai. Tukaazimia kufanya karamu, nami nikawa mtunza fedha. Tukachinja mbuzi wawili, tukakodi turubai na viti, tukaalika wenye uwezo. Watu wakala wakashiba, wakatoa. Nilipokwisha kuwalipa mpishi na mwenye viti, kilichosalia hakikutosha hata nauli ya kwenda na kurudi. Nikaenda uani kumweleza yule mjane. Nilimkuta anasugua masufuria. Hapana aliyemkaribisha kula. Sikuwa na neno la kumwambia, na hata leo nikikumbuka naona haya.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuonya juu ya walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa mafakiri. Mimi niliyewasomesha vijana mafundisho hayo miaka mingi ndiye niliyeyasahau.

Baadaye nilipata habari za wanawake wa mji wa Greenville, katika jimbo la South Carolina, Marekani. Mwaka 2003 bibi mmoja, Marsha Wallace, aliwaalika rafiki zake nyumbani kwake. Kila mmoja alikuja na chakula chake, na fedha ambazo angezitumia kula hotelini akazitoa ziwasaidie wanawake wenye shida katika nchi nyingine. Mchango wao wa kwanza ulipelekwa kwa chama cha Women for Women International, kilichoanzishwa mwaka 1993 na Zainab Salbi, mzaliwa wa Baghdad, ili kuwasaidia wanawake waliodhulumiwa katika vita vya Bosnia. Chama hicho baadaye kilifika Rwanda, Afghanistan na Kongo. Nao wale wa Greenville, kwa jioni ile moja, wakazaa vikundi mamia, na tangu mwaka 2021 umoja wao waitwa Together Women Rise.

Tazameni busara iliyomo. Mwenye nyumba haelemewi, na chakula hakili mchango. Tuseme wanawake 20 wamekutana, kila mmoja na sahani yake na shilingi 5,000. Hizo ni shilingi 100,000, na zote zamwendea mwenye haja. Lakini tukitumia 80,000 kwa nyama na viti, tumejilisha wenyewe, na mjane tumemwachia makombo.

Basi akina mama wa mtaani kwetu wakaanza upya, nasi wanaume tukakaa kando. Walitandika mikeka, wakaleta vyungu vyao, na yule mjane wakamketisha katikati yao, wakala naye sinia moja. Baada ya kula alieleza mwenyewe mambo yake. Kopo likapitishwa, fedha zikahesabiwa mbele ya wote na kuandikwa daftarini. Zilitosha. Madai yamefunguliwa, na shauri lingali linasikilizwa.

Enyi vijana, fahamuni tofauti ya sadaka na haki. Mjane yule hakuomba sadaka. Katika Suratun Nisaa, aya ya 12, fungu lake limekwisha tajwa: baada ya kulipa deni na kutekeleza wasia, ni thumuni ikiwa mume ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Aliyemzuilia amekula mali ya mtu. Karamu yetu haikumpa haki hiyo. Ilimfungulia njia tu ya kuifikia.

Kwa hiyo, kila baba atakayealikwa katika karamu ya namna hii, kabla ya kutia mkono mfukoni, na ajiulize: je, dada yangu amepata fungu lake katika urithi wa baba yetu? Mke wangu nimemlipa mahari niliyoahidi? Akiona kuna deni, na aanze na hilo, kisha aje tule pamoja.

Wabillahi tawfiq.