Mama, Usiogope Kufundisha



Mwezi huu tuzungumze juu ya shule isiyo na kengele wala ubao, yaani ile iliyo nyumbani mwako. Akina mama wengi hapa Musoma nikiwagusia jambo hili hunijibu, "Dada, mimi niliishia darasa la saba, nitamfundisha nini mtoto?" Wengine ni wafanyakazi, nao husema hawana nafasi. Mimi nilikuwa katika kundi hili la pili, na nitawaambia yaliyonipata.

Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilifunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu watoto wetu walikuwa nyumbani. Mwanangu wa mwisho alikuwa darasa la tatu. Jioni moja, siku yangu ya mapumziko, nilimpa Biblia atusomee kabla ya maombi. Alisoma vizuri mstari aliofundishwa Shule ya Jumapili. Nilipofungua ukurasa mwingine, akanyamaza. Kumbe mtoto hajui kusoma! Alikuwa amekariri.

Niliona aibu, na aibu ikageuka kuwa hasira. Nilimfokea usiku ule mpaka akalala akilia. Kesho yake aliponiona nimeshika daftari akakimbilia chooni na kujifungia. Baba yao akaniambia taratibu, "Mama watoto, huyu anakuogopa wewe kuliko anavyokiogopa kitabu." Maneno yale yalinichoma, lakini yalikuwa kweli.

Siku chache baadaye nilikwenda kununua mboga kwa jirani yangu anayeuza dagaa, ambaye naye aliishia darasa la saba. Nilimkuta na binti yake wakipanga mafungu. "Mafungu manane, kila moja shilingi mia tano, tutapata ngapi?" Binti akajibu, "Elfu nne, mama." Kisha mama akachukua kijiti, akaandika mchangani: da-ga-a. Mtoto akasoma, wakacheka wote wawili. Hapakuwa na fimbo wala kelele. Mimi mwenye diploma ya uuguzi nilirudi nyumbani nimefundishwa.

Tulianza upya na mwanangu, kwanza kwa kumwomba msamaha, halafu kwa silabi. Krismasi ya mwaka ule alitusomea Luka sura ya pili, akikwama hapa na pale, nami sikuweza kuzuia machozi. Leo yuko sekondari.

Kutokana na hayo, nina mashauri manne.

Kwanza, fundisha kidogo kila siku. Dakika ishirini kabla ya kuinjika ugali zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi zenye ugomvi. Ukiona umeanza kukasirika, funga daftari mpaka kesho.

Pili, tumia vitu ulivyo navyo. Vizibo vya soda na punje za mahindi vinatosha kufundishia hesabu. Mtume dukani, akirudi akueleze chenji imepatikanaje. Akusomee maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Mstari mmoja wa Biblia, akiusoma polepole kwa kidole, ni somo na ni ibada.

Tatu, kabla ya kumwita mtoto mvivu, chunguza afya yake. Simama naye mbali na kalenda ya ukutani, uone kama anazisoma tarehe. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Usaha wa sikio usiotibiwa unaweza kupunguza usikivu. Tena sisi wa kando ya ziwa tusisahau kichocho. Mtoto anayeoga na kucheza ziwani anaweza kukipata, na kichocho, minyoo na malaria hupunguza damu. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka na kusinzia juu ya kitabu. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa za maradhi hayo zipo, na kumchapa siyo mojawapo.

Nne, kila mtoto apate zamu yake. Huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1700, Susanna Wesley, mke wa mchungaji wa Epworth, aliwafundisha watoto wake nyumbani. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wakiwa wachanga. Pamoja na shida zake zote, alipanga jioni maalumu za kuongea na kila mtoto peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John, yule aliyekuja kuwa mwanzilishi wa Wamethodisti. Kama yeye aliweza, wewe mwenye wanne au sita huwezi kupata robo saa ya kila mmoja kwa juma?

Sisemi mtoto aache shule, la hasha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inatutaka tuwaandikishe watoto na kuhakikisha wanahudhuria. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Wewe unaweza. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 Mungu anaagiza tuwafundishe watoto tukiketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Hakuweka sharti la cheti. Timotheo naye aliyajua Maandiko tangu utoto, na imani aliyokuwa nayo ilikuwa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Kazi ya mwezi huu: jioni ya leo mpe kila mtoto wako kitabu ambacho hajakikariri, umsikilize akisoma. Usimfokee kwa lolote utakalogundua. Mshukuru Mungu kwamba umejua mapema, kisha anzeni.

Bwana awape uvumilivu na furaha katika kazi hii. Amina.