Msiba Pekee Haumzai Mwandishi

Wapo wanaodai kwamba mwandishi huzaliwa na uchungu: aliyefiwa akishika kalamu, maneno humiminika yenyewe. Dai hili lina ukweli nusu. Shaaban Robert (1909–1962) alipofiwa na mkewe, alimtungia shairi la "Amina". Majonzi yalikuwa mazito, lakini mishororo yake ina mizani 16, 8 kila upande. Huzuni ilimpa la kusema. Ufundi ndio uliolifikisha kwetu.

Hapa Kapkatet, mwanafunzi aliyemzika nyanyake akiagizwa kuandika insha kuhusu msiba, aghalabu huijaza machozi ya kukariri, yale ya "njia mbili mbili". Nyanya mwenyewe hayumo. Hakimo kikapu chake cha kuchumia majani chai, wala hazimo methali za Kikipsigis alizomfunza mjukuu jioni. Lugha ya mapambo imekuwa pazia la kumficha marehemu. Na mwalimu anayetuza misemo ya kukariri huishona pazia hiyo kwa mkono wake.

Yafaa mwanafunzi aambiwe mambo mawili. Kwanza, moyo wake ukiridhia, aanzie nyumbani kwao. Kiswahili si mali ya pwani pekee, kikapu kile kina nafasi ndani yake. Pili, akishamaliza kulia, airudie kazi: afute, apange, aisome kwa sauti, aandike upya. Kufiwa si kipawa. Kipawa ni kumkalisha marehemu mbele ya msomaji ambaye hakuwahi kumwona.