Abiria apewe muda wa kula Shelui

Shule zinapofungwa Juni na Desemba, barabara kuu ya kati hujaa familia zinazokwenda likizo. Basi lililoondoka Mwanza alfajiri huvuka Igunga na mbuga ya Wembere, likaingia Shelui, wilayani Iramba, jua likikaribia utosini. Pangefaa sana kupumzika hapo, maana watoto wamechoka, wazee miguu imewavimba, na mbele unasubiri mlima Sekenke. Lakini mara nyingi katika vituo vya njia hii sauti ya kondakta ni moja tu: dakika kumi! Kwa dakika hizo abiria apange foleni ya choo, anunue chakula, amlishe mtoto na arudi kitini kabla honi haijalia. Matokeo yake ni chipsi na kipande cha kuku ndani ya mfuko, vinavyoliwa gari likipanda mlima. Naamini huku ni kuidhulumu likizo yenyewe. Mabasi ya safari ndefu yasimame kwa chakula cha mchana dakika 45 kwa uchache, na muda huo uandikwe kwenye ratiba kama unavyoandikwa muda wa kuondoka.

Wanaosikia habari za Wafaransa kukaa mezani mchana kutwa wakati wa likizo ya kiangazi, wakila chakula kikuu, kisha jibini, kisha matunda, hudhani hiyo ni anasa ya matajiri. Historia inasema vingine. Mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa ya wafanyakazi, serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo, na familia za mafundi na wafanyakazi wa viwandani ambazo hazikuwahi kuona bahari zikapanda treni kwenda pwani. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kilichotambuliwa ni desturi ya watu kukusanyika, kula kwa mpangilio na kuzungumza. Mlo wa taratibu ulidumu kwa sababu jamii iliamua kuulinda muda wake. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji nchi iwe tajiri kwanza.

Sisi pia tumekwisha kuamua hivyo, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na inamtaka mwajiri ampe mapumziko ya dakika 60 yule anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Tazama basi tunapofika: mwalimu au karani ambaye kazini ana haki ya saa nzima ya kupumzika, siku ya kwanza ya likizo yake anapewa dakika kumi, tena baada ya kukaa kitini saa tano au zaidi. Dereva aliyeshika usukani tangu alfajiri naye ni mfanyakazi, na roho za abiria wote zimo mikononi mwake. Akila kwa pupa na kurudi barabarani kabla mwili haujatulia, hatari si yake peke yake.

Haraka hii inawaumiza na wenyeji. Singida inasifika nchi nzima kwa kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Wanyiramba wana mlenda na ugali wa mtama au uwele, na Ziwa Kitangiri, ndani ya wilaya hiyohiyo, lina samaki. Lakini kuku wa kienyeji haivi kwa dakika kumi, wala mlenda hauliwi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto. Abiria asiye na muda hununua kile kinachopatikana tayari kila kituo, kuanzia Nzega hadi Morogoro, na mama lishe mwenye chungu kizuri anashindwa na mwenye karai la mafuta lililowaka tangu asubuhi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayepita mbio hamponyi mtu.

Wapo watakaosema abiria wenyewe wanataka kufika mapema. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa anayewahi msiba au hospitali. Ila tuipime kwa hesabu. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na mwendo wa juu wa basi ni kilomita 80 kwa saa. Hata lisiposimama popote, safari itachukua karibu saa 14. Nusu saa ya nyongeza katika siku ndefu namna hiyo ni kitu kidogo. Zamani madereva walikimbizana na marufuku ya kusafiri usiku, lakini tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea saa zote. Na hofu kwamba dereva atafidia muda kwa kukimbia inaondoka pale muda wa chakula unapokuwa sehemu ya ratiba, maana hakuna kilichopotea cha kufidiwa.

Wengine watasema kusimama muda mrefu ni kumkabidhi abiria kwa hoteli za bei ya juu. Ni kweli kwamba chakula cha njiani mara nyingi ni ghali, lakini bei hiyo inastawi kwa sababu mteja hana dakika za kuvuka barabara na kuuliza kwa jirani. Mpe muda, naye atachagua. Asiye na fedha aliyefungasha wali wake nyumbani anahitaji kivuli, maji ya kunawa na benchi la kukalia na wanawe.

Utekelezaji wake hauhitaji miujiza. LATRA, inayosimamia usafiri wa ardhini, ikae na wamiliki wa mabasi waweke muda huo kwenye ratiba. Kondakta akusanye oda gari likiwa Igunga na kupiga simu Shelui, ili chakula kikute watu wakishuka. Halmashauri ya Iramba ijenge vyoo safi na mabanda ya kulia, itoze ushuru wa haki. Familia nyingi hazina likizo nyingine zaidi ya hiyo safari ya kwenda kwa bibi na kurudi. Kuwapokonya mlo wa pamoja ili basi liwahi kwa nusu saa ni biashara mbaya, na walio na mamlaka ya kuibadilisha waibadilishe kabla shule hazijafungwa tena.